Ndevu za Mzee Wembe

Kinyozi huyu mtaani walimwita Nabii, na si kwa sababu aliwahi kutabiri jambo likatokea. Walimwita hivyo kwa sababu ya mdomo. Ukishakaa kwenye kiti chake, akakuvika shuka na kulibana shingoni, ujue umekwisha: utanyolewa na utahubiriwa, na huna ruhusa ya kuchagua kimoja ukaacha kingine. Mashine inanguruma, naye anapaza sauti kuishinda mashine. Akifika mahali patamu anaizima na kuiweka mezani, maana anahitaji mikono yote miwili kuonyesha upana wa neema. Mteja kichwa kimenyolewa upande mmoja, anajitazama kwenye kioo, anangoja neema ifike mwisho ili nywele ziendelee.

Alikuwa mtu mwema, tusimwonee. Aliokoka akiwa mtu mzima, akampenda Mungu kwa moyo mweupe, na jambo alilolipenda hakuweza kulinyamazia. Hakuwa na makuu wala inda. Ila masikio yake aliyatumia kwa kazi moja tu, kusikia kama mtu mwingine amemaliza kusema ili yeye aanze.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bluu, kimegawanywa katikati kwa pazia la maua. Mbele ya pazia ni kwake. Nyuma ya pazia ni kwa mkewe, ambaye alikuwa msusi, na ambaye kila neno lililosemwa mbele alilisikia vizuri kuliko wateja waliokalia kiti. Walikuwa na mabinti mapacha shuleni, kwa hiyo wao kwa wao waliitana Baba Pacha na Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa mtu wa maneno machache. Mumewe alikuwa ameyatumia ya wote wawili.

Sasa, mambo yalianza kuharibika siku fundi bomba alipotoroka. Fundi bomba alikuja mbio asubuhi, anawahi harusi ya dada yake, akasema, "Nabii, leo nipunguzie haraka, na mahubiri yawe ya wiki ijayo." Nabii akasema sawa. Akanyoa upande wa kushoto, safi kabisa. Kisha neno "harusi" likamkumbusha jambo, akazima mashine. Akaanza taratibu, akapanda, akafika kwenye karamu ya mbinguni, akawa anaitazama dari kama anayeona meza zimeshatandikwa. Aliposhusha macho, kiti kilikuwa kitupu na mlango unayumba. Watu waliokuwa barabarani wanasimulia mpaka leo jinsi walivyomwona fundi bomba akikata mbuga, nusu kichwa nywele nusu kichwa hakuna, na shuka la kinyozi linapepea mgongoni. Kwenye picha zote za harusi ile kaka wa bibi harusi amevaa kofia.

Mtaa ulicheka wiki nzima, na baada ya kicheko wateja wakaanza kula kona. Waliokuwa wakipita mbele ya mlango wa bluu walianza kupita upande wa pili wa barabara, wakitazama mbele kama askari wa gwaride. Hata mchungaji wake mwenyewe, ambaye kichwani hakuwa na unywele wa kunyolewa na alichobakiza ni kidevu tu, alisema siku hizi anajinyolea nyumbani kwa ajili ya kuokoa muda.

Mtu mwingine angejiuliza. Nabii aliona mateso ya mtumishi. "Kiti kimekuwa kidogo," alimwambia mkewe. "Mungu ananionyesha kwamba kazi yangu haitoshi tena humu ndani."

Na kweli, kama kwamba jambo lilikuwa linamngoja, Jumapili ile kanisani alikuja kiongozi wa msafara wa injili. Alikuwa anazunguka mji kwa mji na gari lenye vipaza sauti juu, akatangaza kwamba anatafuta wahubiri wa kufuatana naye safari ndefu ya miezi mingi. Alisema, "Kama kuna mtu hapa mwenye sauti..." Hakumaliza. Nabii alikuwa ameshasimama.

Mchungaji alimtazama, akakuna kipara chake. Akasema kwamba jambo hilo ni zito, asilikimbilie. Wiki nzima aombe na asikilize, na Jumapili inayofuata aje mbele awaambie watu Mungu amemwambia nini. Kama ni kwenda, watamwekea mikono, na Jumatatu aondoke na msafara.

Mama Pacha alisema asubuhi iliyofuata, akifumua nywele za mteja nyuma ya pazia, kwa sauti ile ile anayotumia kuulizia kitana. "Mimi sikuzuii, Baba Pacha. Mungu akikuita nenda, nguo zako nitazikunja mwenyewe. Wanangu nitawalea, na duka nitalishika. Ila iwe amekuita. Isiwe umejiita."

Maneno hayo yalimwingia Nabii kuliko alivyopenda. Aliipenda nyumba yake. Kuiacha kwa sauti ya Mungu ni utii, lakini kuiacha kwa sauti yake mwenyewe ni nini? Ndiyo maana aliamua wiki hiyo kuomba kufa na kupona. Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa bluu, alipiga magoti mbele ya kiti chake cha kinyozi, akaweka viwiko kwenye mto wa ngozi, akafumba macho, akasema, "Bwana, nena. Niende wapi?"

Na kila alipofumba macho, aliona ndevu.

Si ndevu za malaika wala za manabii wa kale. Zilikuwa ndevu nyeupe, chafu kidogo, zimeota ovyo mpaka shingoni, kama uga ambao wenyewe wamehama. Alikuwa anazijua. Ndevu zile zilikuwa za Mzee Wembe.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Mzee Wembe ndiye aliyemfundisha Nabii kazi. Alikuwa kinyozi wa zamani, wa povu na brashi na wembe wa kukunja, mtu nadhifu ambaye kila alfajiri alijinyoa mwenyewe kabla ya kumgusa mtu yeyote. Katika duka lake redio ilikuwa marufuku. Alisema wembe una sauti yake, na kinyozi asiyeisikia ni mchinjaji aliyekosea duka. Wembe ukipita kwenye nywele zilizolowa vizuri unatoa sauti nyembamba, sawasawa. Ukikaribia mahali pakavu au ngozi iliyojikunja, sauti inakwaruza kidogo kabla damu haijatoka. Kwa hiyo unasikiliza, na ukisikia mkwaruzo, unasimama.

Nabii, wakati huo bado kijana na bado hajaokoka, alikuwa na mikono mizuri ajabu, lakini mdomo ndio huu huu. Jumamosi moja duka limejaa, akawa anawasimulia wateja kisa cha kuvunja mbavu, na katikati ya kisa akamkata mtu chini ya sikio. Mzee Wembe alikuja taratibu, akamtoa wembe mkononi mbele ya watu wote, akasema, "Mikono unayo. Masikio huna." Basi, hayo tu. Watu wakacheka kuliko walivyocheka kisa chenyewe.

Kijana alivua aproni, akaiacha juu ya kiti, akatoka. Akafungua duka lake upande wa pili wa mtaa, akanunua mashine za umeme, ambazo zinanguruma na wala hazihitaji kusikilizwa. Hakukanyaga tena kwa mzee. Baadaye alipookoka alisimama kanisani akasema kwa machozi kwamba amewasamehe watu wote. Aliwasamehe kweli, lakini kwa jumla. Kwa rejareja kulikuwa na mmoja aliyebaki rafuni.

Sasa Mzee Wembe alikuwa amepata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilala, ulimi ukawa mzito, duka likafungwa. Siku moja Nabii alipita mtaa ule akamwona ameketishwa mlangoni, na ndevu zile usoni. Ilimchoma moyo. Akavuka barabara, akajitia hamnazo, akaenda zake. Tangu hapo zilimfuata.

"Shindwa!" alikemea asubuhi ya Jumanne, macho ameyafumba. "Toka! Ondoka mbele yangu!"

Pazia likatikisika. "Nani huyo unayemfukuza?" aliuliza Mama Pacha, ufagio mkononi.

"Jaribu tu, Mama Pacha. Shetani anataka kunivuruga maombi."

"Kwa kitu gani?"

Nabii alifumbua macho. "Ndevu."

"Ndevu?" Mama Pacha alitoa kichwa chote nje ya pazia. "Za nani?"

Nabii akakumbuka kwamba mashine inahitaji mafuta, akaanza kuitia mafuta. Mkewe alimtazama kidogo, akarudi kufagia. Nyuma ya pazia ufagio ulipiga haraka haraka, kama mtu anayejizuia kucheka.

Alijaribu kuomba amesimama, ndevu zikasimama naye. Alijaribu kufunga kula, na ndevu zikaonekana vizuri zaidi. Ijumaa alikata tamaa, akaenda kumwona mchungaji.

Alimkuta ndani ya kanisa amepiga magoti, lakini si kwa maombi. Alikuwa anagongomea benchi lililolegea mguu, misumari ameibana midomoni. Nabii alifurahi, maana mtu mwenye misumari mdomoni hakatizi mazungumzo. Akamweleza yote: wito, msafara, vipaza sauti, na jinsi adui alivyomwandama kwa ndevu.

Mchungaji alitema misumari kwenye kiganja. "Ndevu za mtu unayemjua?"

"Namjua."

"Yupo hai?"

"Yupo. Anaumwa. Alikuwa mwalimu wangu wa kazi."

"Na wewe ni kinyozi."

"Ndiyo, Mchungaji."

Mchungaji alimtazama, akawa kama anangoja kitu. Kisha akashika nyundo. "Ndugu yangu, wiki nzima unamuuliza Mungu swali moja, na wiki nzima unapata jibu moja. Unataka akuandikie ukutani?"

"Lakini mimi nilimuuliza juu ya msafara!"

"Nimekusikia. Pengine utakwenda, sijui, si mimi ninayeita. Ila kama hili dogo umelisikia na umelipa mgongo, hilo kubwa nani atakuamini kwamba umelisikia?" Akarudisha misumari mdomoni. "Nishikie hapa, mguu huu unayumba."

Nabii alishika benchi. Mchungaji akagongomea msumari mpaka mwisho. Aliona haya. Alijua. Tangu Jumatatu alikuwa anajua, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe: hakukosa kusikia hata mara moja.

Jumamosi asubuhi alitoa chini ya droo mfuko wa vifaa vya zamani: brashi, bakuli la povu, mkanda wa ngozi wa kunolea, na wembe wa kukunja ambao Mzee Wembe mwenyewe alimpa siku alipomruhusu kunyoa mteja wa kwanza. Akaunoa mpaka mkono ukakumbuka. Pia, kwa sababu mtu habadiliki kwa usiku mmoja, aliandaa mahubiri. Yalikuwa mazuri, yenye sehemu za msamaha, ugonjwa na umilele. Akatoka. Alipofika kwenye kona akarudi, akasema amesahau taulo. Mama Pacha akamwonyesha taulo, lilikuwa begani mwake. Akatoka tena. Akarudi, akauliza kama mvua itanyesha.

"Baba Pacha," alisema mkewe, akamgeuza kwa mabega kama wanavyogeuzwa wateja wa kusuka. "Nenda."

Akapiga moyo konde, akaenda.

Mlango ulifunguliwa na mke wa mzee, mama mfupi mwenye miwani, aliyempikia kijana yule miaka yote ya kujifunza kazi. Alimtazama kuanzia viatu mpaka mfuko. Nabii alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa lawama na kwa mlango kufungwa. Hakuwa amejiandaa kwa alichosikia.

"Umechelewa," alisema mama. "Pita, mwanangu. Maji ya moto yapo."

Chumba kilikuwa kidogo, na nusu yake ilikuwa imechukuliwa na kile kiti kikubwa cha chuma cha duka la zamani. Mzee alikataa kukiuza, akakataa kuketi kwingine. Alikuwa amekaa humo karibu na dirisha, mkono mmoja umelala mapajani, shavu moja limeshuka. Macho yalikuwa yale yale.

"Nimejaribu mimi, amekataa," mama alisema. "Mpwa wake kaja na mashine, mzee kageuza uso ukutani. Tukamleta kinyozi wa sokoni, fundi kabisa, kamkodolea macho mpaka mwenyewe kakusanya vitu vyake akaondoka. Nikasema basi, zikue mpaka magotini. Lakini kila akisikia mguu nje, anaangalia mlango."

Nabii aliweka mfuko chini. "Shikamoo, Mzee."

Mzee alinguruma kitu ambacho kingeweza kuwa marahaba. Akainua kidevu kidogo, juu na kushoto. Kila kinyozi anaijua ishara hiyo. Maana yake ni: anza.

Nabii alimvika shuka. Akalowesha taulo, akalikamua, akaliweka usoni mwa mzee mpaka nywele zikalainika. Akazungusha brashi ndani ya bakuli, povu likapanda. Kisha akakohoa. "Mzee," alisema, "kabla sijaanza, ningependa kusema maneno machache kuhusu..."

Akagusa shavu lililolala, na maneno yakaishia hapo. Ngozi ile ilikuwa haishiki, ilikuwa inafuata kidole kama kitambaa. Kunyoa shavu la namna hiyo kwa wembe huku unaongea ni kuchinja. Ilibidi aivute kwa vidole viwili, aweke wembe, na asikilize.

Akanyamaza.

Wembe ukaanza kupita. Ile sauti nyembamba ilikuja, ambayo hakuwa ameisikia tangu alipoikimbia kwenda kwenye mashine. Ikakwaruza, akasimama, akavuta ngozi, akaendelea. Alisikia mama akikoroga kitu jikoni. Alisikia mtoto wa jirani akikariri hesabu na kukosea mahali pale pale. Alisikia mzee akipumua. Alipofika chini ya koromeo alishika pumzi yake mwenyewe, na kukawa kimya hata ndani ya kichwa chake, ambamo kwa miaka mingi kulikuwa na mtu aliyesimama kwenye jukwaa. Hakusikia sauti kutoka mbinguni, na asikudanganye mtu kwamba alisikia. Alijua tu, kwa furaha iliyomjaa mpaka kooni, kwamba alikuwa mahali alipotumwa.

Alipomaliza, uso wa Mzee Wembe ulikuwa umerudi. Mzee alichukua kioo kwa mkono mzima, akajitazama upande huu, akajitazama upande ule. Kisha akaweka kioo mapajani, akainua kidole, akagusa sikio lake. Akamtazama Nabii. Akagusa tena sikio.

Nabii alivunjika. Machozi yalimtoka, makubwa, mbele ya watu, akapiga magoti palepale kwenye nywele. "Ni kweli, Mzee," alisema. "Ulisema kweli, masikio sikuwa nayo. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Nimekuona mlangoni nikavuka barabara. Nisamehe. Na mimi, kama kulikuwa na neno moyoni, limekwisha leo. Asante kwa kuniambia kwamba sasa..."

"Mwanangu," mama alisema kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi. "Anakuonyesha umeacha unywele."

Nabii alitazama. Chini ya sikio, mahali palepale alipomkata mteja yule wa zamani, ulikuwepo unywele mmoja mweupe, mrefu, umesimama kwa kiburi.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Mzee akafuata, kicheko cha upande mmoja, mabega yote mawili yakitikisika, machozi yakimtoka jicho zima na jicho gonjwa. Nabii alicheka mpaka akakaa chini kabisa. Kisha akainuka, akajifuta, akashika wembe na kuuondoa unywele ule kwa heshima zake zote. Alipotaka kurudi nyuma alikuta mkono wake umeshikwa. Mzee alimbana kwenye kifundo, kwa nguvu, akawa anapambana na ulimi. Neno lilichukua muda mrefu kutoka, na hakuna aliyemsaidia.

"Ju-ma-mosi," alisema mzee.

Nabii alielewa alichoulizwa. Gari la vipaza sauti lingeondoka Jumatatu. "Jumamosi, Mzee," alisema. "Kila Jumamosi."

Kesho yake kanisa lilijaa, maana habari ya msafara ilikuwa imeenea, na wengi walikuja kumuaga kwa moyo mkunjufu sana, wengine kwa kupita kiasi. Kiongozi wa msafara alikaa mbele. Wamama wazoefu walikuwa wamekuja na vitu vya kuwatuliza watoto, wakijua Nabii akishika kipaza sauti ibada itaisha jua likiwa upande wa pili. Akaitwa mbele. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema, "wiki iliyopita niliwaambia Mungu ananiita kwenda na msafara. Nilisimama kabla sijaitwa. Siendi. Jumamosi nina mtu wa kunyoa."

Akarudisha kipaza sauti.

Watu walingoja. Walidhani huo ni utangulizi. Mchungaji aliinama mbele. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mchungaji."

Kwanza kanisa lilishikwa na butwaa, halafu makofi yakalipuka. Waliopiga kwa kuguswa na waliopiga kwa kufurahia ufupi hawakuweza kutenganishwa. Mama Pacha hakupiga makofi. Alikuwa amefunika uso kwa khanga, mabega yanacheza, na mapacha wake walishindwa kujua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili. Nguo za safari alikuwa ameshazikunja, kama alivyoahidi, na sasa atazikunjua.

Nje ya mlango mtu alimvuta Nabii shati. Alikuwa fundi bomba, kofia mkononi, nywele zimeota sawasawa. "Nabii," alisema, akitazama chini. "Baba yangu hainuki kitandani. Nilikuwa naona haya kukwambia. Ungeweza kufika na kwake?"

"Nitafika."

Fundi bomba aliinua macho. "Utamhubiria?"

"Nitamnyoa," alisema Nabii.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Baada ya baba wa fundi bomba alikuja babu wa muuza maziwa, na baada ya huyo mwalimu mstaafu aliyevunjika nyonga, mpaka Jumamosi ikajaa na ikabidi aazime na Jumatano. Ukimwona anapita na mfuko wake wa ngozi na taulo begani, ujue kuna mzee mahali fulani ameketishwa dirishani anamngoja. Dukani bado anaongea, usidhani amekuwa bubu. Ila siku hizi anatupia jicho kioo, na akiona mteja anatazama mlango, anasema, "Haya, nyamaza wewe," akijiambia mwenyewe, anaendelea kunyoa. Wateja wamerudi. Hata mchungaji amegundua kwamba kujinyoa nyumbani hakuokoi muda kama alivyofikiri.

Mzee Wembe anabaki wa kwanza kila Jumamosi. Huyu hakuwa mtu wa kanisa. Katika maisha yake yote aliwanyoa wachungaji wengi na hakumsikiliza hata mmoja. Nabii alijua hivyo, na Jumamosi baada ya Jumamosi alikuja, akavuta ngozi kwa vidole viwili, akasikiliza wembe, akaenda zake. Yale mahubiri yake mazuri yenye sehemu za msamaha, ugonjwa na umilele hayakupata kutolewa.

Mpaka asubuhi moja, shavu moja limeshanyolewa na la pili lina povu, mzee alipoinua mkono mzima. Nabii alisimama papo hapo. Akaangalia chini ya sikio, hakuna unywele.

"Ile habari," mzee alisema taratibu. Ulimi ulikuwa umepata nafuu kidogo, lakini kila neno bado alilinyanyua kama mzigo. "Habari yako. Ya Mungu."

"Naam, Mzee?"

"Sema."

Nabii alifuta wembe kwenye taulo, akaukunja.

"Lakini fupi," mzee alisema.

Akavuta kigoda, akakaa karibu na goti la mzee, akasema. Alisema kwamba yuko Mungu anayejua njia ya nyumba zetu, na kwamba huyo ndiye aliyemtuma kwenye mlango huu wakati yeye mwenyewe alikuwa hataki. Akanyamaza. Ilikuwa fupi kuliko kitu chochote alichowahi kusema katika maisha yake, na jikoni mwiko ulikuwa umeacha kukoroga.

Mzee alikuwa amefumba macho, povu linakauka shavuni. Nabii akadhani amelala. Akainuka taratibu kwenda kuchukua brashi.

"Endelea," alisema Mzee Wembe, akionyesha kigoda kwa mkono mzima.